Ukoo Huulizwa kwa Muuza Nguo

Watu wakiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani, huwajibu kwamba nilikuwa nikitafuta jamaa za marehemu. Wengine husogeza viti nyuma kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa karani wa mirathi katika ofisi ya wakili mmoja mjini, na kazi yangu ilianzia pale kazi ya mochari inapoishia. Mtu amefariki, ameacha nyumba Pumwani au kiduka Mukuru kwa Njenga, na wanaojiita jamaa zake wamejaa ngazi zote hadi barabarani. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kujua nani ni nani.

Nimestaafu mwaka huu. Mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba saa hivi ndipo ninapohitaji kujua wakati. Na wewe Sharon, uliyeachiwa meza yangu, ukasema, "Mathe, usiende na hizo story zote. Tuandikie." Haya, naandika. Mambo ya vyeo na mishahara mtayapata kwa wanaopenda kuyasimulia.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda Majengo nimevaa viatu vya visigino, faili kwapani. Nikabisha mlango wa kwanza na kuuliza, "Marehemu aliacha watoto wangapi?" Mama aliyefungua alinitazama toka juu hadi chini, akasema hamjui marehemu yeyote, akarudisha mlango. Wa pili vivyo hivyo. Kabla sijafika mwisho wa safu ile, mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba mimi ni askari kanzu, na wauza samaki walikuwa wamefunika karai zao na kuingia ndani. Nilirudi ofisini na visigino vya tope na faili tupu.

Mzee Kamande, karani mkuu, alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekulia mtaa wa Bahati, mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuna mlango wa Eastlands ambao hakuwahi kunywa chai nyuma yake.

"Truphosa," akaniambia, "unamuuliza mtu ukoo wake kana kwamba unamdai. Nani atakujibu? Ukoo huulizwa kwa muuza nguo."

Nilidhani ananitania. Kesho yake akanichukua tukazunguka naye kwa wauza nguo, tukakaa kwenye vigoda, na sikumsikia akiuliza swali hata moja la ukoo. Alishika leso, akasifu rangi, akauliza kama ile aliyonunua mama fulani wakati wa arobaini ya mjukuu bado ipo. Basi mwenye duka akafunguka mwenyewe. Maana mtoto akizaliwa, kuna anayetumwa leso. Binti akiposwa, kuna anayechagua blanketi la mama mzazi. Mtu akifa, kuna anayekwenda kuchukua bafta ya sanda. Na hatumwi mtu yeyote tu. Kila nguo ina mtu wake. Muuza nguo huona shangazi gani amekuja, kasindikizwa na nani, na nani kaachwa nje amekunja uso. Akikaa dukani miaka thelathini, anazijua familia kuliko zinavyojijua zenyewe.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Vifaa vyangu vilikuwa raba za kutembelea, lenzi ya kusomea, sindano, na mche wa sabuni kwenye mfuko, kwa sababu kwetu mtu haingii nyumba ya mzee mikono mitupu. Ninyi mna simu zinazopiga picha kila kitu. Pigeni. Lakini simu haijawahi kukaribishwa chai.

Kitani nilikijua kwa sababu ya mgeni. Alikuja ofisini bwana mmoja kutoka Ayalandi, uso mwekundu kwa jua la siku mbili, akasema babu yake alikuwa akileta nguo za kitani Nairobi zama za wakoloni, na familia haikujua aliishia wapi. Mzee Kamande alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo kesi ikaniangukia mimi. Niliwaendea wenye maduka ya jumla mjini, Wahindi wa vizazi vitatu kwenye kaunta ile ile, nao wakanisukuma Pumwani: kwa bintiye Mzee Abdalla wa Kitani. Huyo Mzee Abdalla ndiye aliyekuwa Mwafrika pekee aliyechukua kitani kwa yule babu na kukiuza Majengo.

Bintiye anaitwa Bi Rukia. Ndiye aliyempa yule mgeni babu yake. Alimwambia jinsi mzee yule alivyopenda kahawa chungu, jinsi alivyokata kamba za majora kwa meno, na makaburi alikozikwa. Mgeni alilia palepale dukani, na Bi Rukia akampa leso ya kupangusia kisha akamwambia ainunue.

Alipoondoka, Bi Rukia akaniketisha kunifundisha. Kitani ni baridi mkononi hata mchana wa jua kali. Ukikidondoshea maji, kinayanywa mara moja, pamba husitasita. Na nyuzi zake hazijanyooka sawa, zina vinundu vidogo vidogo vinavyokimbia toka upindo huu hadi huu. Nilikuwa nikifunga macho ananipa vipande, nami nasema hiki kitani, hiki pamba, mpaka akakubali kwamba mtu wa bara naye huelimika.

Sasa niwaeleze kesi ninayoitaja nikiulizwa ipi ninajivunia. Haikuwa hata na faili.

Lilian na Barasa walinijia ofisini mwaka wa mwisho wa kazi yangu. Lilian anatoka mtaa wa Lucky Summer, ni fundi wa nywele. Barasa anatoka Mukuru kwa Njenga, yuko kiwandani Industrial Area kama babake. Wote Wabukusu, wote wa kanisa moja. Lilian alikaa akitazama magoti yake. Barasa ndiye aliyesema.

"Auntie, tumekwama mbaya. Wazee wamesema hatuwezi oana. Wanasema sisi ni damu moja."

Kisa kilikuwa hiki. Upande wa Barasa ulikuwa umekwenda Lucky Summer kupeleka posa. Walimchukua pia nyanya ya Barasa, Kukhu Peresi, ambaye ni mzee sana na macho yake yamezimika. Mama Lilian, kwa heshima ya wageni, akatandika mezani kitambaa kizuri kuliko vyote nyumbani, alichoachiwa na marehemu mamake, Bi Dina. Kukhu Peresi akaketishwa karibu na meza. Mkono wake ukagusa kitambaa. Akakivuta, akakipapasa, akakiweka shavuni, kisha akapiga ukelele: "Salome! Hiki ni cha Salome!"

Salome alikuwa dada yake mkubwa. Alikuja Nairobi akiwa msichana kufanya kazi ya yaya kwa wazungu, akamtumia Peresi kitambaa cha kitani kupitia kwa mtu wa kijijini aliyerudi kwa treni, kisha akapotea. Hakuna aliyemwona tena. Kitambaa hicho Peresi amekaa nacho maisha yake yote, na vidole vyake vinakijua. Na Bi Dina je? Alitoka wapi? Hapo ndipo mkosi ulipoingia. Mama Lilian hakujua. Mamake aliongea Kibukusu, lakini akiulizwa kwao ni wapi alisema, "Kwetu ni Pumwani," na mazungumzo yakaishia hapo. Hakutaja ukoo, hakutaja shamba.

Wazee walipiga hesabu upesi: Dina ndiye Salome, alibadilisha jina, akakata kitambaa chake vipande viwili, kimoja akampelekea mdogo wake, kimoja akabaki nacho. Basi Lilian na Barasa ni wajukuu wa dada wawili, na huo ni mwiko usio na mjadala. Posa ikafungwa mle mle, chai ikapoa. Barasa alipendekeza vipimo vya DNA. Mjomba wake, Mzee Wanyonyi, akamwambia damu ya hospitalini haijui miiko.

"Na Kukhu anasemaje?" nikauliza.

Lilian akainua uso. "Kukhu anafurahi. Ananiita mjukuu. Anataka nimpeleke kwa kaburi ya shosho Dina. Auntie, nitamwambia aje si yeye? Na kama ni yeye, mimi nitaishi aje?"

Nilikwenda. Niliomba vitambaa vyote viwili, nikavitandaza kwenye meza ya Mama Lilian, ukingo kwa ukingo. Nilitaka sana visilingane. Nikashika lenzi. Kinundu kilichoanzia kitambaa hiki kiliingia kile, na kingine, na kingine, kama barabara inayovuka mpaka wa wilaya. Kilikuwa kitambaa kimoja kilichokatwa katikati. Niliwaambia hivyo, maana kazi yangu haikuwa kufurahisha watu. Lilian akatoka nje.

Nikaenda Pumwani kutafuta aliyeishi na Dina zamani. Nilimpata mzee mmoja aliyekuwa mpangaji kwenye nyumba ileile, akakumbuka vizuri mno. "Dina na Salome? Walikuwa wawili, chumba kimoja. Dada kabisa! Hata askari walijua ni dada."

Kidogo nifurahi: watu wawili, si mmoja. Kisha nikaelewa alichosema. Kama walikuwa dada, wa kuzaliwa au wa ukoo tu, basi Lilian na Barasa ni ndugu vilevile. Tulikuwa tumetoka mvuani tukaingia mtoni. Mwingine angefunga kesi pale, ana nguo na ana shahidi. Lakini sikuwa nimemuuliza muuza nguo.

Bi Rukia sasa ni mzee naye, hakai tena dukani, lakini masikio yako sawa. Nilimwamkia, nikampa sabuni yake, nikamsimulia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hao hawakuwa dada. Baba hakuwahi kuwakatia dada kitambaa kimoja."

Akanieleza. Kitani kilikuwa nguo ya watu wazito. Mayaya walikipiga pasi kwa mabibi zao kila siku, wakatamani na wao, lakini Mzee Abdalla hakukata kipande kidogo. Kitani ukikikata vidogo vidogo, nyuzi zinafumuka. Kwa hiyo aliwaruhusu wanawake wawili kuchanga kipande kimoja, naye akawagawia mbele yao. Ila alikuwa na sharti. Hakuwagawia dada, wala wake wenza, wala mtu na wifi yake. Alishawahi kufanya hivyo, wakarudi dukani wakivutana, huyu kapunjwa, yule kapewa upande wenye upindo, na ugomvi wa nyumbani ukahamia kwake. Tangu hapo alisema ndugu wagawane mihogo, si kitani. Kila aliyetaka kuchanga aliulizwa kwanza: huyu ni nani wako?

"Nilikuwa msichana, nimekaa juu ya majora," Bi Rukia akasema. "Nawakumbuka wale wawili kwa sababu walinyamaza. Baba akauliza, 'Nyinyi si dada? Mtaa wote wasema ni dada.' Wakatazamana. Halafu yule mrefu, Salome, akafunga mlango wa duka, akasema, 'Mzee, tukikwambia, utatufichia?'"

Dina alikuwa msichana wa Kikuyu, wa Murang'a. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka Mau Mau, na watu wa kwao walikuwa wakikusanywa mitaani na kupakiwa kwenye malori. Watu wake mwenyewe walikuwa wameshachukuliwa. Salome alimkuta amejificha, akamwingiza chumbani kwake, akamfundisha Kibukusu neno kwa neno, na askari walipobisha akasema, "Huyu ni mdogo wangu." Walimweleza kila mtu hivyo kwa sababu uhai wa Dina ulitegemea uongo ule. Ukweli waliusema mara moja tu, kwa muuza nguo, kwa sababu walikitaka kitani.

Sikuona haya kulia mbele ya Bi Rukia.

"Kuna jingine," akasema. "Salome hakumaliza muda mrefu. Alishikwa na kifua. Dina ndiye aliyekuja kuchukua nguo ya kumfunika. Baba akamuuliza, wewe si wake, utaichukuaje? Dina akamjibu, 'Mzee, leo mimi ni wake.' Akampa. Dina aliwatumia habari watu wa Salome kwa kila msafiri wa treni, lakini kijiji chenyewe hakukijua."

Mzee Kamande alinifundisha kwamba neno la mtu mmoja ni habari, la pili ndilo ushahidi. Nikamuuliza Bi Rukia kama baba yake aliacha alama. Akasema ndiyo. Kitambaa cha mtu mmoja kilishonwa msalaba mmoja mdogo wa bluu kwenye pembe. Kikichangwa, kila nusu ilipata wake: moja bluu, nyingine nyekundu, asije mtu akadai ya mwenzake. Cha Dina nilikuwa nimeona bluu. Cha Peresi hakikuwa na kitu, ila pembe zake zote zilikuwa zimefunikwa na lesi aliyoishona mwenyewe alipokuwa bado anaona.

Nikaenda Mukuru kwa Njenga. Nilimkuta Kukhu Peresi ameketi kitandani, kitambaa mapajani. Nilimwomba ruhusa ya kufumua lesi. Akakiziba kwa mikono yote miwili.

"Unatafuta nini huko ndani?"

"Kukhu, natafuta kama Dina ni Salome."

"Na kama si yeye?"

"Basi vijana wataoana."

"Na mimi nitabaki tena bila dada." Hakusema kwa hasira. Alikuwa akiniambia tu gharama ya sindano yangu. Nilitamani kurudi nyumbani. Barasa alikuwa amesimama mlangoni, na nadhani Kukhu alimsikia akipumua, kwa sababu aliondoa mikono. "Fumua. Lakini polepole, mimi nilishona kwa macho mazuri."

Nilifumua pembe ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, chini ya lesi, ukatokea msalaba mwekundu ambao haukuwahi kuona jua, rangi bado mbichi. Nikamshika kidole nikakiweka juu yake. Kisha nikamwambia yote niliyoyasikia kwa Bi Rukia, hadi nguo ya mazishi. Alisikiliza bila kunikatiza, akasugua ule msalaba kwa muda mrefu, na machozi yalimtiririka bila sauti. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Alifunikwa vizuri?"

"Alifunikwa vizuri, Kukhu."

Wazee waliitwa tena Lucky Summer. Nilialikwa nieleze, na nilieleza jinsi ninavyojua, nguo mezani, alama pembeni, sheria ya Mzee Abdalla. Mama Lilian, ambaye wakati wa uchaguzi huwa na maneno mengi juu ya watu wa Mlimani, yaani Wakikuyu, alipojua kwamba mamake ni wa Murang'a alitafuta kiti akakaa. "Ngai," akasema kwa sauti ndogo, na sijui hata jina hilo la Mungu la Kikuyu alilitoa wapi. Lilian alicheka huku analia. Ilionekana yamekwisha.

Lakini Mzee Wanyonyi hakuwa amemaliza. Alisimama, akashika fimbo yake vizuri. Alisema amesikia, na karani amefanya kazi. Ila kwa mila, anayekuficha adui asikuue ni ndugu yako. Anayekuzika ni ndugu yako. Dina na Salome walifanyiana yote mawili. Basi hata kama damu ni mbali, undugu umeingia, na ndugu hawaoani.

Nami, niliyejua kila alama ya kitani, nilianza kukunja vitambaa, maana hilo halikuwa swali la nguo. Niliwatazama wale vijana nikaona mambo yote yakirudi nyuma.

Kukhu Peresi akanyoosha mkono, akamtafuta Mama Lilian mpaka akampata, akamshika.

"Wanyonyi, keti," akasema. "Mama ya huyu alizika dada yangu. Miaka yote hii mimi nalia sijui kama mbwa walimla, kumbe alikuwa na mtu. Mimi sikuja hapa kuposa tu. Nimekuja kushukuru kwa mazishi, na shukrani yangu ndiyo huyu Barasa, mumchukue awe mtoto wenu." Akageukia upande ilikotoka sauti ya Mzee Wanyonyi. "Na wewe unasema kuzikana kunazuia kuoana. Hapa Nairobi, ambapo kila mtu amezikwa na jirani, niambie: nani angemwoa nani?"

Mzee Wanyonyi alifikiri, akaona hana pa kupita, akaketi. Mama Lilian akainuka kuchemsha chai upya.